Oili haidondokei pale inapovujia: jibu kwa mwalimu mwenye IST

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari anayeishi Chuno, Mtwara mjini:

"Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, cc 1300, niliinunua mkononi mwa mtu mwaka jana. Kila asubuhi nakuta doa jeusi kwenye sakafu ya saruji ninapoegesha, na siku nyingine kuna maji pia. Nimepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza kasema sili ya flaiwili imekufa, gia boksi ishushwe. Wa pili kasema sampo. Wa tatu kasema niweke oili nzito, itakoma yenyewe. Juni shule zikifungwa nataka kwenda Dar es Salaam na watoto. Nimsikilize nani? Na hiyo safari niende nalo?"

Marahaba, mwalimu. Kabla sijajibu, nikuulize na mimi: kati ya hao watatu, ni yupi aliyeosha injini kwanza ndipo akasema? Kama hakuna, basi wote watatu walikuwa wanabahatisha, na mmoja kati yao alikuwa anabahatisha kwa hela yako nyingi.

Oili ikitoka juu ya injini haidondoki hapo hapo. Inafuata kingo za bloku, inazunguka bolti, inapulizwa na upepo gari likienda, mpaka ifike sehemu ya chini kabisa, na sehemu hiyo ni sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana sampo inasingiziwa kila siku. Bati likitoboka na mvua ikadondokea kitandani, hakuna anayekwenda kuziba kitanda. Kwenye gari tunafanya hivyo hivyo kila siku na hatuoni aibu.

Na mimi nimo. Mwaka 2011 nilishusha gia boksi ya Corolla ya mzee mmoja wa Mikindani, nikabadilisha sili ya flaiwili, ile raba inayozuia oili pale injini inapoungana na gia boksi, nikafunga, nikapokea hela yangu. Baada ya siku nne mzee akarudi, doa liko pale pale. Nilipofungua boneti na kuangalia vizuri kwa tochi, nikaona kona ya nyuma ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, imelowa, na mfereji mwembamba wa oili unashuka mpaka pale injini inapokutana na gia boksi. Gasketi ya mpira tu. Kazi ya saa moja. Nilimrudishia mzee hela ya ufundi, na tangu siku hiyo sishushi gia boksi ya mtu kabla sijaona juu kote ni pakavu.

Tuanze na maji, maana yanaweza kuwa si tatizo kabisa. Kwa joto na unyevu wa huku kwetu, AC ikiwashwa inatoa maji mengi sana, na kwenye gari lenye usukani wa kulia kama lako yanadondokea karibu na miguu ya abiria wa mbele, nyuma kidogo ya injini. Mtu anatoka Lindi na AC imewashwa njia nzima, anaegesha, baada ya dakika kumi anakuta kidimbwi, anapiga simu mbio. Hayo ni kawaida. Kasoro ingekuwa yasipotoka, kwa sababu mrija ukiziba maji yanarudi ndani na zulia linaoza.

Lakini usiyaamini moja kwa moja. Magari mengi hapa mjini hayana kulanti, yale maji ya rangi ya kupozea injini. Wenye magari walishaongeza maji ya bomba au ya kisima mpaka rangi yote ikapotea. Rejeta ya gari la hivyo ikivuja, maji yake hayana rangi na yanafanana sana na ya AC. Pangusa kwa kitambaa cheupe, kianike. Ya AC yanakauka bila alama. Ya rejeta yanaacha ukungu wa kutu, au chumvi nyeupe, au wekundu hafifu kama kulanti ilibaki kidogo. Pia asubuhi injini ikiwa baridi, weka alama kwa kalamu kwenye chupa ya akiba ya rejeta, ukaangalie tena baada ya siku tatu, nayo ikiwa baridi. Na usionje. Kuna madereva wanaonja kwa ncha ya ulimi wanasema kulanti ni tamu. Ni tamu kweli, na ni sumu, inaua figo. Kama nyumbani kuna paka au watoto wadogo, kidimbwi cha kulanti kimwagie maji mengi siku hiyo hiyo.

Sasa doa jeusi. Jioni ukiegesha, tandika boksi lililofunguliwa chini ya injini yote, kisha chora kwenye boksi tairi za mbele ziko wapi, upande gani wa dereva na upande gani wa abiria. Hiyo michoro ndiyo itakayotuonyesha njia. Injini ya IST imelala kwa upana wa gari: upande wa dereva kuna mkanda, puli na wota pampu, upande wa abiria kuna gia boksi. Tone likiwa upande wa dereva kabisa, habari ya sili ya flaiwili iweke pembeni kwanza, maana sili hiyo iko katikati, injini inapoungana na gia boksi. Tone likiwa upande wa abiria, gia boksi nayo inaingia kwenye washukiwa, hasa pale zinapoingilia draifshafti, zile shafti zinazozungusha tairi za mbele.

Asubuhi chukua tone lenyewe kabla halijanyonywa lote na boksi. Liweke kwenye kikombe cha plastiki chenye maji. Likielea juu na kung'aa, ni oili: ya injini au ya gia boksi. Likiyeyuka na kupotea ndani ya maji, ni kulanti au mafuta ya breki, na hapo mazungumzo yanabadilika, nitayarudia. Kwa oili, chukua karatasi nyeupe. Chovya dipstiki ya injini, kile kijiti cha kupimia oili, dondosha tone moja. Chovya dipstiki ya gia boksi, dondosha la pili pembeni yake. La tatu liwe lile la chini ya gari. Linganisha. Vitabu vinasema oili ya gia boksi ya otomatiki ni nyekundu, na ni kweli ikiwa mpya. Gari lililopita mikono minne oili hiyo huwa ya kahawia, pengine nyeusi yenye harufu ya kuungua. Kwa hiyo usitegemee rangi ya kitabuni, tegemea rangi ya oili iliyomo kwenye gari lako.

Kama kuna fundi atakayekwambia ni oili ya stelingi, mshukuru na uondoke. Stelingi ya IST yako ni ya umeme, haina oili. Kwenye Noah za zamani sawa, zina pampu na hozi zake, na zinavuja sana. Kwako hakuna.

Ukishajua ni oili ya injini, na kwa maelezo yako nadhani ndiyo, osha injini. Iwe baridi. Funika alteneta, koili (zile za kupeleka umeme kwenye plagi) na boksi la fyuzi kwa mifuko ya nailoni. Tumia sabuni ya unga, brashi na maji ya kopo. Ile mashine ya presha ya wanaoosha magari usiruhusu ielekezwe kwenye injini, inasukuma maji kwenye soketi za umeme na wiki nzima utakuwa unahangaika na taa ya cheki injini. Mafuta ya taa yanasafisha vizuri, lakini nimeshaona moto, kwa hiyo mimi sipendi. Acha ikauke kabisa.

Baada ya hapo fundi wa kawaida angetumia poda ya mtoto. Wewe una kitu bora: chaki. Saga vipande viwili vya chaki nyeupe viwe unga, chukua brashi kavu ya rangi, paka sehemu zote ulizokuwa unazishuku: mzunguko wote wa tapeti kava, kona za nyuma, ubavu wa injini, maungio ya sampo, na chini pale gia boksi inapoanzia. Usisogelee mkanda wala mdomo wa kuingizia hewa. Kisha endesha mpaka Mikindani urudi, taratibu tu, injini ipate joto lake. Ukirudi, zima, subiri ipoe kidogo, ingia na tochi na kioo kidogo cha mkoba. Oili ikigusa chaki inaacha mstari mweusi ulio wazi kuliko maandishi ya ubaoni. Ufuate kwenda juu mpaka pale unapokoma. Hapo juu, palipo na unyevu wa kwanza, ndipo penye kazi.

Kuna mkulima mmoja alileta pikapu yake msimu wa kupulizia mikorosho, amebeba mifuko ya salfa iliyochanika. Gari zima la njano. Nilifungua boneti nikacheka: unga wa salfa ulikuwa umejishika kwenye oili, mstari umechorwa kutoka kwenye swichi ya presha ya oili mpaka chini. Sikuhitaji hata tochi.

Kwa injini ya aina yako, nikitazama kutoka juu kwenda chini, mimi naanza na gasketi ya tapeti kava. Mpira wake ukizeeka unakuwa mgumu kama plastiki na kuvunjika ukiukunja. Chomoa na koili moja moja uangalie mashimo ya plagi. Kukiwa na oili humo, jibu umeshalipata. Halafu swichi ya presha ya oili, kidude kidogo chenye waya mmoja, ambacho bei yake ni ndogo na kinasahauliwa na wengi. Halafu filta: mara nyingi aliyebadilisha oili aliacha raba ya filta ya zamani imeganda kwenye injini, akafunga mpya juu yake, raba mbili zikabebana. Hiyo inaweza kuvuja kidogo kidogo kisha siku moja ikamwaga yote barabarani. Upande wa dereva kuna sili ya mbele ya kranki, ile shafti kuu ya injini, nyuma ya puli. Ikivuja, oili inarushwa kwa duara ukutani kote. Chini kabisa kuna nati ya sampo na washa yake, ile pete bapa, ambayo inatakiwa ibadilishwe kila oili ikimwagwa, na hakuna anayeibadilisha.

Sili ya flaiwili naiweka ya mwisho. Siikubali mpaka nione juu kote chaki bado nyeupe, na oili nyeusi inatoka pale chini tu, kwenye muungano wa injini na gia boksi. Ikitoka oili ya gia boksi hapo hapo, basi ni sili ya mbele ya gia boksi yenyewe, na kazi ya kushusha ni ile ile.

Kitu kimoja ambacho mafundi wengi wanakiruka, na ndicho kinachofanya sili mpya ivuje baada ya mwezi: valvu ya PCV. Injini inapofanya kazi, gesi kidogo hupenya pembeni ya ringi za pistoni na kuingia chini kwenye oili. Valvu hii, iliyokaa kwenye tapeti kava, inairudisha gesi hiyo ikaungue. Ikiziba kwa masizi, presha inajaa ndani na kutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye sili. Ichomoe, itikise: nzima inalia kaka-kaka, iliyoziba iko kimya. Pia fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Moshi kidogo si neno. Ukipuliza kama bomba la moshi la pili, ringi zimechoka, na hapo kubadilisha sili ni kumpaka rangi mgonjwa.

Gasketi ya tapeti kava ukiamua kubadilisha, simama karibu na fundi wako uangalie. Kwenye kona mbili, pale kava ya cheni inapokutana na silinda hedi, panahitaji silikoni kidogo, tone la ukubwa wa punje ya choroko. Sehemu nyingine raba ikae kavu. Bolti zake ni ndogo, spana namba 10, zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kwa nguvu ya kiganja, si ya bega. Akikaza kwa bega, ama raba inapasuka, ama uzi wa aluminiamu unaliwa, na hapo umenunua tatizo jipya.

Sampo ya injini hii kweli haina gasketi, inafungwa kwa silikoni, kwa hiyo yule fundi wa pili hakusema kitu cha ajabu. Ila nikwambie ninachokiona: watu wanamimina silikoni kama wanapaka siagi kwenye mkate. Inayozidi inabinyikia ndani, inakatika vipande, inakwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Nimefungua injini iliyogonga beringi, chujio limejaa silikoni nyekundu. Uzi mwembamba usiokatika unatosha, kingo zikiwa zimesafishwa hazina hata chembe ya oili. Na gari lilale usiku mzima kabla ya kutiwa oili. Fundi anayefunga sampo na kuwasha baada ya nusu saa anaiharibu kazi yake mwenyewe.

Yule wa tatu, wa oili nzito: oili nzito inapunguza mwendo wa tone, haiponyi raba iliyokauka. Na asubuhi injini ikiwaka, oili nzito inachelewa kufika juu. Kwa injini iliyochoka na joto letu hili, kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 sina ugomvi nayo. Kuweka nzito zaidi ili doa lisionekane, hapana.

Sasa yale ya kikombe, tone likiyeyuka kwenye maji. Kama liko upande wa ndani wa tairi, linateleza, rangi ya maji au ya asali nyembamba, na likigusa rangi ya gari linaibambua, hayo ni mafuta ya breki. Hapo gari haliendi hata sokoni. Angalia chupa ya mafuta ya breki, kisha washa injini, kanyaga pedeli uishikilie kwa dakika moja. Ikizama polepole chini ya mguu, kuna mahali panavuja, ndani au nje. Kujaza chupa na kuondoka si matengenezo. Anayeteremka kutoka Newala kwenda Masasi na wili silinda (silinda ya breki ya kwenye tairi) inayovuja anajua kwa nini nasema hivi, kama amebahatika kufika.

Kulanti nayo haivumilii safari. Rejeta za siku hizi zina vichwa vya plastiki, vinapasuka kwenye ukingo. Angalia kama plastiki imegeuka kahawia. Wota pampu ina kitundu kidogo chini yake, kikiwa na ukoko wa rangi ya waridi au kutu, sili yake ya ndani imekwisha. Kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa ya moto kwa sababu yoyote ile. Na habari za kuweka manjano au yai ndani ya rejeta ziache huko huko porini. Zinaziba tundu na zinaziba mirija pia.

Ukisikia harufu ya petroli, zima, usiwashe tena. Tangi likitobolewa na jiwe, kipande cha sabuni ya mche kikisuguliwa pale kitashikilia, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Kitakufikisha gereji iliyo karibu. Hakitakufikisha Dar.

Kabla hujaingia chini ya gari: jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Tumia stendi za chuma. Tofali la saruji linapasuka bila kutoa taarifa.

Safari sasa. Leo, gari likiwa sehemu tambarare na limezimwa dakika tano, pima oili, jaza mpaka alama ya juu, usizidishe. Andika namba za kilomita. Endesha wiki mbili kazini na nyumbani kama kawaida yako, pima tena. Ikiwa imeshuka kidogo tu na hakuna harufu ya oili inayoungua ukisimama, na maji na breki viko salama, mimi ningeenda nalo hata kama gasketi bado haijabadilishwa, nikiwa na lita mbili za oili ya aina ile ile kwenye buti. Ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo pima Nangurukuru, pima tena Kibiti. Watoto watakuwa wanataka kushuka hata hivyo. Ikiwa imeshuka mpaka alama ya chini ndani ya hizo wiki mbili, au oili inadondokea kwenye ekzosi na kutoa moshi, tengeneza kwanza au panda basi. Na usiisubiri taa nyekundu ya oili ikwambie: ile inawaka presha ikishapotea, na presha ikipotea beringi tayari zinasagana. Ikiwaka, zima hapo hapo ulipo, hata kama ni katikati ya msitu.

Boksi lako usilitupe. Liandike tarehe, lete pamoja na ile karatasi ya matone matatu, Jumamosi asubuhi injini ikiwa bado baridi. Na gari lije limeoshwa.